Laki Tano za Kuaminiana

Saa kumi na moja jioni, upepo wa Makambako
ukishachoka kupeperusha pumba za mashine,
napiga simu Tunduma, napiga simu Songea,
nauliza: gunia limelala na bei gani?
Wakitofautiana, nashika ya katikati.
Ndivyo tulivyokubaliana mwezi wa tatu,
mvua ikigonga bati hata tukashindwa kusikizana
na kila neno ikabidi liandikwe:

Gaudensia Mgaya atamuuzia Yohabu Sanga
magunia mia tatu, elfu sabini kila moja,
tarehe thelathini, mwezi wa nane.
Mahindi yenyewe yalikuwa bado yanatoa mbelewele.

Mimi ni karani wa mashine. Sina gunia, sina deni.
Nina daftari, kalamu iliyofungwa kamba,
na swali moja la kila jioni:
mmoja wenu akitoroka usiku huu,
mwenzake ataumia kiasi gani?

Kiasi hicho ndicho dhamana.
Si deni. Nimelirudia hilo mpaka koo limekauka.
Deni hulipwa likaisha; dhamana hulala kwa mwenzio
ikiwa bado ina jina lako.

Na laki tano za kwanza haziguswi.
Sanga aliziita za kuaminiana,
nami nikaandika hivyo hivyo, kwa wino,
nikiwaza: kumbe imani nayo ina kimo,
na cha majirani hawa ni laki tano kamili.

Juni bei ikapanda. Sabini na nne.
Elfu nne mara mia tatu: milioni moja na laki mbili.
Toa za kuaminiana.
Gaudensia, lete laki saba.

Hakuwa nazo.
Akaja na mtamba mweusi mwenye mimba, paji jeupe,
akivuta kamba kurudi alikotoka.
Sokoni ni laki tisa. Nikamkata sehemu moja ya tano.
"Kwa nini? Umemwona na kilema?"
Hapana. Ila ng'ombe huugua,
na mnunuzi akijua una haraka, naye huugua.
Laki saba na ishirini elfu. Inatosha.
Akafungwa zizini kwa Sanga.

Wiki ile ya sakitu, iliyounguza majani ya viazi
mpaka Ilembula watu wakalia,
treni ya TAZARA ilipita saa nane usiku
na mtamba akazaa.
Sanga alikuwa pale, tochi mdomoni,
mikono miwili kwenye miguu miwili.
Akamfuta ndama, akamvika gunia,
moja katika yale mia tatu matupu
aliyomnunulia Gaudensia ayajaze.

Jioni yake bei ikateremka: sabini na moja na mia tano.
Mara mia tatu, tofauti ni laki nne na nusu.
Haifiki tano. Hadaiwi mtu.
Mtamba arudi kwao.

Na ndama?

Daftari lina safu ya bei, ya tofauti,
ya kilichowekwa, ya kilichorudishwa.
Sanga: majani yalikuwa yangu.
Gaudensia: tumbo lilikuwa langu.
Nikaandika pembeni, herufi zikipanda juu ya mstari:
uzao wa dhamana humfuata mwenye dhamana.
Sanga akatazama kucha zake, damu haijatoka vizuri.
"Basi mchukueni na gunia lake," akasema,
"njiani kuna baridi."

Julai ikawa zamu yake. Sitini na saba.
Alileta laki nne, noti zimebanwa kwa mpira wa baiskeli,
na Gaudensia akazihesabu mara mbili, mbele yake,
bila haya, kama inavyotakiwa.

Tarehe thelathini nilisimama kwenye mizani.
Gunia la mia mbili na kumi na saba
lilikuwa na manyoya meusi mshononi.
Sanga akaliona kabla yangu.
"Hilo usilipime."

Nililipima. Kazi ni kazi.
Yote yaliyotangulia yalikuwa kilo mia, mia, mia.
Hilo, mia na mbili.