Samaki Gani?

Mimi ni fundi wa lifti. Kamba nazijua.
Nyaya sita za chuma, nene kama kidole,
zinapandisha watu kumi na watatu na toroli la chai
hadi ghorofa ya kumi na saba,
na kila Jumanne nazipapasa kwa kitambaa
nikitafuta uzi mmoja uliokatika,
mmoja tu, utakaonasa pamba na kunionya.

Kwa hiyo niliingia kwa Nyaboke, Barabara ya Kirinyaga,
kati ya duka la pampu na la mikanda ya mashine,
kifua mbele.
Nipe mshipi wenye nguvu kuliko yote, nikasema.
Akatafuna karanga yake mpaka ikaisha.
"Samaki gani?"

Miaka ishirini na miwili nimeulizwa uzito.
Kilo ngapi, abiria wangapi, ghorofa ngapi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza
ni nani anayepanda.

Besi, nikasema, wale wa Naivasha.
("Si ile ya spika," akadakia kijana wake juu ya ngazi.)
Mpwa wangu Mutinda amenialika Jumamosi,
ana mtumbwi wa kuazima na maneno mengi.

Nyaboke akafuta kaunta kwa kiganja.
"Huu wa nailoni unavutika.
Samaki akishtuka, nao unashtuka naye,
unamwacha ajidanganye kidogo.
Ila ukiuanika juani mwaka mzima
unakuwa ndevu za mahindi. Tupa.

Huu wa kusuka hauna huruma.
Unakata magugu, unakata na kidole.
Besi hujificha kwenye magugu kama mdaiwa,
akikimbilia humo na nailoni yako
utavuta saladi.
Lakini maji yakiwa maangavu atauona,
kama wino kwenye shati jeupe."

Wa tatu akauinua kwenye mwanga wa mlango.
Niliona vidole tu.
"Huu majini haupo. Ila mkaidi, una kumbukumbu:
ulivyokunjwa kiwandani ndivyo unavyotaka kukaa,
kama askari mstaafu anayepigia saluti jirani."

Kwa ngege, akasema, mwembamba kabisa,
yule mdomo wake ni wa kuonja chai.
Kwa kambare mnene, maana atausaga
polepole, kama mtu mwenye nafasi.

"Sasa funga fundo."
Nikafunga fundo langu la kazini, bapa, safi,
lile ninalowafundisha vijana wa mafunzo.
Akavuta mara moja.
Tik. Palepale kwenye fundo.

"Hukulowesha. Mate, fundi.
Ukikaza kavu linaungua,
samaki hata hajazaliwa."

Mate! Kazini kwetu kuna grisi,
kuna fomu tatu na sahihi ya mkaguzi.
Nikaweka uzi mdomoni. Ladha ya plastiki
na ya vidole vyangu.
Likashika.

Nilinunua wa kusuka, mita mia,
na pima moja ya ule usioonekana
ya kuunganisha mwishoni, karibu na ndoana,
pale uongo unapohitajika.

Besi sikumleta nyumbani.
Mmoja alikuja, nikamhisi mkononi,
kitu hai upande wa pili wa mstari,
akageuka. Nikashika uzi kwa kidole
ingawa nilikuwa nimeambiwa.
Mutinda alicheka hadi Longonot.

Jumanne nilikuwa ndani ya lifti namba mbili
na kisanduku changu cha vifaa.
Akaingia mama na bahasha kubwa ya eksirei,
anaishika kama trei ya mayai.
Kilo sitini na mbili, nikakadiria, kwa mazoea.
Kisha nikamgeukia:
Unaenda kwa nani, mama?
"Sijui jina. Wameniambia tu daktari wa mifupa."

Nikambonyezea tisa
kwa kidole kilekile chenye plasta.
Kiliuma. Tukapanda.