Stoo ya Magunia

Barua ya meneja ilisema: vikao sita,
gharama ni juu ya kampuni,
siri yako ni siri yako.
Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa ovaroli
pamoja na risiti ya unga na ufunguo wa baiskeli,
ikakaa humo wiki tatu, ikinyonya grisi.

Kwetu kiwandani neno "ushauri" lina maana moja:
umekosa, umeitwa, umerudi umenywea.
Nani basi aonekane akikata uwanja wa miwa
mchana kweupe, mbele ya madereva wa trekta,
akielekea mlango ule wa buluu?
"Olwande kichwa kimeruka," wangesema,
na kabla ya chai ya saa nne
habari ingekuwa imefika Chemelil.

Lakini usingizi ulikuwa umenihama.
Saa tisa za usiku, niwe zamu nisiwe zamu,
nasikia kinu namba tatu kikizunguka chini ya kitanda,
na Akeyo ananishika kiganja, ananiuliza
kwa nini mkono wangu unapapasa ukuta.
Natafuta kitufe chekundu.

Nikaenda. Nilipita nyuma, kando ya bwawa la molasi.

Chumba kilikuwa stoo ya magunia,
bado kinanuka katani na vumbi tamu.
Viti viwili visivyofanana. Jagi la maji. Feni isiyozunguka.
Bi. Jeptanui hakuwa na koti jeupe wala faili,
kiatu kimoja amekivua nusu, kisigino kinapumua.
"Umekula?"
Nikasema nimekula.
Basi. Dakika hamsini nilihesabu misumari ya mabati.
Aliponiaga akasema, "Wiki ijayo, saa hii hii,"
utadhani tumezungumza.

Kikao cha pili nilimweleza bei ya mbolea.
Cha tatu, king'ora cha zamu kikalia katikati,
na mdomo ukafunguka wenyewe:

sekunde nne.
Wandabusi alipiga ukelele, na mimi,
hatua mbili kutoka kwenye kitufe,
nilisimama nikahesabu, sijui kwa nini,
moja, mbili, tatu, nne,
ndipo nikabonyeza.
Vidole vitatu. Vya mkono anaoandikia.
Wakasema nimeokoa maisha, wakanipa cheti.
Cheti kiko chini ya godoro, kinanichoma mbavu.

Hakuniambia "si kosa lako".
Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpinga.
Aliuliza tu: "Hizo sekunde, umezibeba peke yako tangu lini?"
Tangu Februari.
Na sasa mvua za Agosti zilikuwa zikishuka kutoka vilima vya Nandi,
na mimi nalia, si kilio cha heshima,
kilio cha makamasi,
naye anayatazama maji ya jagi kana kwamba yana kazi.

Wiki ya nne nikatoka, nikamkuta kwenye benchi.
Wandabusi. Mkono wa kulia mfukoni.
"Kumbe na wewe?"
"Kumbe na wewe!"
Tukacheka vibaya, kama watu waliokutana gizani wakiiba.
Kisha akasema, macho yakiwa kwenye matope:
"Ile kinga ya kinu, niliitoa mimi asubuhi ile.
Tulikuwa nyuma ya tani. Kila nikikuona nadhani unajua."

Sikujua.
Aliyejua alikuwa ndani, akipanga viti vyake,
amezishika hadithi zetu mbili, moja kila mkono,
na hakumwaga hata tone.

Sisemi nimepona. Kinu bado huja,
ila siku hizi huzungukia huko mbali, kwenye shamba la jirani,
na kuna usiku ambao nalala hadi jogoo.
Nimebakiza vikao viwili.

Jana nilikata uwanja kwa mbele.
Dereva mmoja wa trekta akanipigia honi,
kwa kejeli au kwa salamu, sikuuliza.
Nikampungia mkono, nikagonga mlango wa buluu.