Si Yule

Nilidhani amerudi yule wa zamani,
yule wa utumbo, aliyekatwa mwaka ule
mvua ilipoteremsha nyumba ya shemeji hadi mtaroni.

Daktari Nabintu akaigeuza karatasi iliyotoka Kigali,
iliyovuka daraja la Ruzizi ndani ya bahasha ya kaki,
akasema: Hapana, baba Mugisho. Si yule.
Huyu ni mwingine kabisa.

Mimi ni fundi kufuli, Kadutu, chini ya ngazi za soko.
Mlango uliovunjwa naujua, na mlango uliofunguliwa naujua.
Nikamwuliza: ameingilia wapi?
Miaka sita nimelinda. Pombe niliacha.
Nyama ya Jumapili niliacha, nikabaki na harufu.
Na kovu hili, toka kitovuni kushuka,
nalipapasa kila alfajiri
kama mlinzi anavyojaribu komeo.

Hakuingia sasa, akasema.
Kuna kirusi. Umekaa nacho tangu mtoto,
kimelala damuni, kama kilivyolala
kwa karibu wote unaowaona pale kwenye benchi.
Kwa wengi hakiamki kamwe.
Hupita kwa mate.

Kwa mate.

Nikatoka. Ziwa lilikuwa palepale, halina neno.
Nikasimama langoni na bahasha yangu
na nikakuona, mama,
Walungu, mwaka wa njaa, jino la mbele limekwisha kung'oka,
unatafuna mahindi makavu ya kuchoma
polepole, upande mmoja wa taya,
mpaka yawe uji, kisha unanipa, mdomo kwa mdomo.
Wewe humezi.
Hilo nililielewa nikiwa na watoto wangu:
kwamba hukuwa unameza.

Dada Nsimire nitamwambia nini?
Atasema karuho. Atamtaja jirani kwa jina,
na jirani yule ana wajukuu.
Nikimwambia ukweli itabidi nikutaje wewe.
Basi nimesema: ni tezi tu. Dawa inaanza Jumanne.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo ningevua.

Usiku, umeme ukikatika, naigusa shingoni:
ngumu, ndogo, haiumi,
kama punje moja
iliyokuponyoka bila kutafunwa.