Mlango wa Stoo ya Unga

Huandikwa Kirkcudbright, husemwa Kakubri;
herufi zilizobaki, nadhani, zilikwenda na maji.
Mto hapa huondoka mara mbili kwa siku
ukaacha tope linalong'aa kama tumbo la samaki.

Miaka kumi na tisa naosha sahani za akina Carruthers.
Vyumba sita, meza kumi na moja,
supu ya shayiri tangu enzi za babu wa babu,
na ngazi inayolalamika kwenye kipandio cha nne
hata akipanda paka.

Zamani walilala hapa wachoraji.
Daftari la madeni bado lipo, nimelisoma:
"Bwana Orde. Wiki tatu. Kondoo, bia, mishumaa.
Hana kitu. Ameacha picha ya daraja, haijakauka."
Kwenye mawingu ya daraja lile alinasa nzi;
wageni walimdhani ndege.

Paa lilipovuja, daraja likauzwa.
Kisha mashua, kisha yule mwanamke wa kofia ya bluu.
Ukutani yamebaki madirisha ya weupe
yasiyotazama popote,
na Ishbel amekataa yapakwe rangi.
"Acha," husema, "wageni wapate cha kuuliza."

Jumanne moja ya Februari, vyumba vitupu,
nilikuwa nasugua mlango wa stoo ya unga, upande wa ndani,
kwa magadi na maji moto.
Masizi ya miaka themanini. Mafuta juu ya mafuta.
Kikatoka kidole gumba.

Nikaacha kusugua. Nikamwita.
Tukamaliza kwa pamba na mate, siku nne,
na bibi yake, Grizel, akatokea kuanzia kiunoni,
mikono ndani ya kinyunya, uso ameugeuza pembeni
kama aliyeitwa na mtu asiyetaka kumwitikia.

Mthamini alikuja kutoka Edinburgh na taa yake ndogo.
Akapiga magoti. Akataja bei
ambayo ingeezeka paa mara tatu na chenji ikabaki.
Ishbel alikuwa na kisu cha viazi mkononi.
Nje, mto ulikuwa unarudi.
Akanitazama mimi, hakumtazama yeye:
"Na huo unga utakaa wapi?"

Mthamini akacheka, akidhani ni mzaha.
Nikachota vikombe vinne, nikafunga mlango,
Grizel akarudi gizani na mkate wake.