Siku ya Thelathini na Moja

Betri ya kisanduku cheusi huishi siku thelathini.
Hilo nilimwambia mimi mwenyewe, Bwana Deolindo,
kwenye ngazi za hoteli pale Horta,
kwa kuwa aliuliza,
na kwa kuwa uongo ulinikwama kooni.
Siku thelathini kinalia chini ya maji,
mlio mmoja kila sekunde,
kisha kinanyamaza
kama mtoto aliyechoka kuita.

Leo ni ya thelathini na moja.
Meli yetu bado inalima.

Twaenda maili kumi kaskazini, twageuka,
twarudi maili kumi kusini, tuta kwa tuta,
jembe letu likining'inia kwenye waya wa kilomita sita,
na hatupandi kitu.
Kwenye kioo changu sakafu ya Atlantiki
ina rangi ya chai ya mkandaa.
Inashuka mstari kwa mstari, usiku kucha,
nami naikodolea macho mpaka yawashe.

Mpaka sasa nimeona
nanga isiyo na mwenyewe,
kontena, milango wazi,
na uti wa mgongo wa nyangumi
uliopangika vizuri hata nikapiga kelele.
Eurico akaja mbio, soksi mguu mmoja,
akatazama, akasema: mfupa.
Akarudi kulala.
Kila mwangwi mgumu naupokea roho juu.
Kila mwangwi mgumu ni jiwe.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Hapa si kweli.
Hawapo, watu mia moja arobaini na wanane,
na vyao vimejaa sitaha:
mto wa kiti, kiatu cha kushoto,
daftari la hesabu limevimba kama mkate,
ukurasa wa kugawanya desimali haujamalizwa.
Penseli haifutwi na bahari. Sikulijua hilo.

Graciete wa jikoni anavisuuza vyote
kwa maji yasiyo na chumvi, maji yetu ya kunywa,
kisha anavianika kwenye kamba ya mataulo.
Nahodha alimkataza siku ya kwanza, na ya pili.
Siku ya tatu akamletea vibanio.

Jana saa nane za usiku tulipata meli.
Meli, si ndege. Ya chuma, imelala ubavu,
haimo kwenye ramani yoyote,
mlingoti wake ukitupa kivuli kirefu juu ya tope.
Nahodha alipekua vitabu vyake mpaka alfajiri:
hakuna jina, hakuna mwaka.
Hawa nani aliwatafuta?
Nani alikesha kwa ajili yao, macho yakiwasha?
Tukaandika namba za mahali, tukapita.
Tulipita polepole,
wala hakuna aliyeamuru.

Jioni simu ya setilaiti ikalia.
Bwana Deolindo hakuulizia kisanduku,
hakuulizia siku.
Aliuliza: huko chini kukoje?
Nikamwambia giza. Alikwisha kujua.
Nikamwambia baridi. Akavuta pumzi.
Nikamwambia: kuna tope, Bwana, tope laini
kama unga wa ngano uliochekechwa mara mbili.
Tulipoteremsha kamera ikaligusa,
halikuchafuka sana. Lilipokea tu.
"Lilipokea," akarudia,
taratibu, kama mtu anayeandika anwani.
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili.
Eurico anaingia, leo na soksi zote mbili,
mkononi kahawa aliyoimwaga nusu ngazini.
Umeona nini?
Jiwe, namwambia.
Anaketi kwenye kiti changu kikiwa bado na joto,
anakisogeza karibu na kioo.
Sakafu inayumba kidogo chini ya miguu yetu:
tumefika mwisho wa tuta,
tunageuka kusini.