Fundi Kupaza Akataa Kupaza

Jina lake Kupaza, Mbondei wa Muheza,
karakana yake Gofu, nyuma ya ghala la mkonge.
Nilimpelekea Landrova la mwaka sitini na nane
nililokwisha kulipaza mwenyewe
kwa springi za lori, inchi nne na ushee.
Watoto wa mtaa wakaliita Twiga,
nami nikavimba kichwa.

Hakulisifu.
Alitandika gunia, akaingia chini chali.
Kimya kirefu, kisha sauti toka uvunguni:
"Umemvika mtu viatu virefu
ukasahau kuwa ana magoti."

Nikamweleza kile kilima cha Amani
ukishavuka Sigi,
magunia saba ya iliki mgongoni, mvua za vuli,
mlio mmoja tu, ta! kama kuni kavu.
Injini ikanguruma, magurudumu yakanuna.
Hafshafti ilikatikia kwenye meno.
Nililala juu ya iliki siku mbili
na mpaka leo chai ya iliki siinywi.

"Meno kumi," akasema, akikipokea kipande.
"Kumi yalitosha lilipokuwa fupi na tairi nyembamba.
Sasa umelivalisha tairi za trekta,
unataka kumi hayo hayo yatafune?"
Akaniongoza penye chuma chakavu, akafunua turubai:
ekseli ya nyuma ya gari la shamba la Ngomeni,
difu nene kama chungu cha pilau la harusi,
shafti za meno ishirini na nne.
Niliyahesabu kwa kidole. Nikarudia.

Propela ilikuwa na kesi yake.
Imeinama mno, krosi zinalia kila ukikanyaga mafuta,
beringi zimebaki unga mwekundu.
Tukaibeba begani hadi Barabara ya Tisa, Ngamiani,
kwa Mwantumu mkerezaji,
kanga kiunoni juu ya ovaroli,
miwani imefungwa kwa uzi wa katani.
Alikata, akaunga bomba, akachomelea,
akaitia kwenye mashine ikazunguka,
chaki mkononi ikigusa pale palipovimba.
Mara kumi na moja akagonga, akapima, akagonga.
Mara ya kumi na mbili
chaki ikachora duara zima bila kuruka.
Nikauliza, ya nini taabu hiyo kwa kitu kisichoonekana?
"Ukiona vyatembea," akasema, "vimekerezwa,"
akataja bei.
Nikakaa juu ya ndoo.

Stelingi nilikwisha kuizoea,
nikivutana nayo kama mtu na mbuzi wa mnadani,
robo ya mzunguko ikipotea kabla tairi halijasikia.
Kupaza akabadilisha vichwa vya tairodi, vyote,
akaushusha mkono wa boksi,
fimbo ikalala sambamba na ekseli.
Halafu akatoa mfukoni kabari mbili za chuma,
ndogo, kama vipande vya halua,
nyuzi sita, akazichomeka chini ya springi za mbele.
"Hizi ndizo zitakazolikumbusha gari njia."

Nikaona sasa ndiyo nafasi, nikamwomba:
kwa kuwa chini pamekuwa imara,
je, inchi mbili zaidi?
Alifuta mikono, kidole kwa kidole.
"Jina nilipewa na babu," akasema.
"Sikulibandika mlangoni kuwa tangazo."

Saa nane mchana nikaondoka.
Kufika Pongwe, barabara imenyooka, haina mtu,
nikaachia usukani kwa hesabu ya tatu:
moja, mbili,
gari likaenda zake, halikuniuliza.
Sikufika tatu. Nikaushika tena,
si kwa hofu, ni haya,
kama aliyemshika mwenziwe mkono wavuke
akakuta mwenziwe keshavuka.

Oili bado inavuja, tone moja kila usiku,
mahali pale pale.
Kupaza anasema hilo niliache,
siku lisipovuja ndipo nije.