Baridi ya Kuokoteza

Turan aliapa mwezi wa saba, kitasa cha mlango kimemchoma vidole:
"Sipandi tena tanuri hili la mikate
mpaka lijifunze kupumua."
Akasimamisha teksi. Mbele yangu. Akanipungia mkono.

Ahvaz, nyuzi hamsini kivulini,
na kivuli chenyewe kimehama mji.
Paikani yangu ya mwaka hamsini na nne
(kwa kalenda yetu; nilikuwa sijaoa)
ilitoka kiwandani na kiyoyozi kimoja tu:
kioo cha pembe tatu, ukisukume kwa kidole gumba
kikuletee pumzi ya jehanamu kwa mafungu.

Basi nikaanza kubisha milango ya chuma
kama mtu anayetafuta mchumba.

Kwa Khodakaram, kwenye makaburi ya magari,
nilipata kompresa ya Pijo iliyokuwa imevaa lori la nondo.
Nikazungusha puli kwa mkono: ikasita, ikakohoa, ikaenda.
"Nzima," akasema.
"Nzima kama wewe," nikamjibu, naye hana meno ya mbele.
Tukapatana bei ya mgonjwa.

Kondensa ya Praidi, pana kwa vidole vinne zaidi ya pua ya gari.
Niliipima kwa kamba yenye mafundo,
maana futi yangu husema kweli
na siku ile kweli sikuitaka.

Ivaporeta ndiyo iliyonipandisha basi hadi Abadan,
kwa Abdolzahra, mstaafu wa kiwanda cha mafuta,
mwenye sanduku la kufunga chini ya dashibodi,
matundu matatu, mdomo wa nikeli,
lililolala uvunguni tangu kabla ya vita.
Ndani mlikuwa na kiota cha panya
na kipande cha tiketi ya sinema.
Kiota nilikitupa. Tiketi nikamrudishia.
Aliitazama mpaka chai yangu ikapoa,
halafu akapunguza bei, hakusema kwa nini,
nami sikuchimba.

Lakini kompresa haishikiliwi kwa dua.
Inataka kikono cha kuifunga ubavuni mwa injini
ambayo aliyeichora, huko kwenye mvua yake,
hakuota kwamba siku moja itabebeshwa majira ya baridi.
Madukani kikono hicho hakipo. Si ghali: hakipo.
Nikapanda juu ya paa, nikashusha kitanda cha Nastaran
(yuko Shiraz sasa, ana kitanda cha mbao, ana mume)
nikakata pembe zake, chuma cha milimita sita.
Rangi ya waridi ikatoa malengelenge mbele ya moto wa kuchomelea.
Sikumwambia mtu.
Mama yake alijua kwa harufu.

Puli ikakaa upande, milimita mbili.
Mkanda wa kwanza uliliwa kabla ya adhuhuri.
Pete niliyoikata kwenye kopo la nyanya
ikamaliza ugomvi.

Alhamisi, Turan akashuka na mkoba wake
kama anayekwenda kutoa ushahidi.
Nikabonyeza swichi, ile ya taa ya bafuni iliyobaki.
Injini ikainama kama kuli aliyetupiwa gunia,
tundu la kati likatema vumbi, likatema unyoya,
likanyamaza.
Halafu.

Tulikuwa katikati ya Daraja Jeupe aliposema,
akivuta shela mabegani:
"Nasikia baridi."
Miaka thelathini na minane ya ndoa
sijawahi kulalamikiwa vizuri hivyo.

Sikumwonyesha mshale wa joto.
Ulikuwa umeshapita nyekundu, unatafuta rangi nyingine.
Ng'ambo ya pili rejeta ikachemka kama birika la msibani,
tukaegesha kando ya Karun, boneti wazi,
mvuke ukipanda mbinguni bila sisi.

Nikasubiri teksi yake.
Hakuinua mkono. Alikuwa ameshika tundu la kati,
tone la mwisho la maji likimtiririkia kiganjani.
"Rejeta ya Nisani ya mizigo," akasema, "inaingia hapo?"
"Kwa kukatakata."
"Khodakaram anayo?"
"Anayo."
"Kesho nitakwenda mimi. Wewe hujui kupatana bei."